Farasi wa Hans, sungura wa Peter na watoto wa Buganda

Mwanzoni mwa mwaka 1908, mjini Vienna, mtoto wa kiume aliyekuwa akikaribia miaka mitano aligoma kutoka nje. Alisema farasi angemuuma. Kwa Vienna ya wakati ule hiyo haikuwa hofu ndogo, maana farasi ndio waliokokota mabasi, mikokoteni ya mizigo na magari ya matajiri. Ni kama mtoto wa Kariakoo leo aogope bodaboda: kizingiti cha nyumba yao kinakuwa mpaka wa dunia.

Baba yake, Max Graf, alikuwa mhakiki wa muziki na mmoja wa watu waliokusanyika kila Jumatano nyumbani kwa daktari Sigmund Freud kujadili mambo ya nafsi. Akachukua kalamu. Aliandika maneno ya mwanawe, ndoto zake, michezo yake na maswali yake yasiyoisha kuhusu viungo vya mwili, kisha akampelekea Freud. Katika tiba yote hiyo daktari alionana na mtoto mara moja tu. Mwaka uliofuata, 1909, alichapisha kisa kirefu ambamo mtoto aliitwa Hans Mdogo, na kisa hicho kikawa mojawapo ya nguzo za nadharia yake.

Kwa Freud, farasi hakuwa farasi. Alikuwa baba. Weusi uliozunguka mdomo wa mnyama ulikuwa masharubu ya baba, na vile vipande vya ngozi vinavyomziba farasi macho pembeni vilikuwa miwani yake. Mtoto anamtaka mama awe wake peke yake, anamwona baba kuwa mpinzani, anaogopa kuadhibiwa kwa tamaa hiyo. Na kwa kuwa baba huyohuyo anampenda, hofu inatafuta pa kuhamia. Ikahamia kwa farasi.

Lakini ndani ya kurasa hizohizo yamo maelezo mengine, tena yalitoka kinywani mwa mtoto mwenyewe. Alikuwa amemwona farasi wa basi akianguka barabarani na kurusharusha miguu kwa kishindo. Mwaka 1960 wataalamu wawili wazaliwa wa Afrika Kusini, daktari wa akili Joseph Wolpe na mwanasaikolojia Stanley Rachman, walikirudia kisa hicho na kuuliza swali ambalo bibi yeyote kijijini angeuliza: kama mtoto ameona farasi akianguka kwa kishindo, na tangu hapo anaogopa farasi, baba wa watu anaingiaje?

Kisa kimoja, mtoto mmoja, kurasa zilezile, na majibu mawili yasiyoweza kukaa meza moja. Mwanafunzi wa saikolojia, awe Dodoma, Nairobi au Kampala, hukutana na ugomvi huu ukiwa umekaushwa na kupangwa kwenye jedwali: safu ya Freud na utoto, safu ya Skinner na thawabu, safu ya Rogers na utu, safu ya Beck na fikra, safu ya ubongo na kemikali zake. Anakariri, anafaulu, anasahau. Kinachopotea ni swali ambalo lingemfaa kuliko majina yote hayo: nani alikuwa amekaa mbele ya mwenye nadharia wakati nadharia inazaliwa? Freud alikuwa na watu wa Vienna wenye nafasi ya kujilaza kwenye kochi na kusimulia maisha yao. Skinner alikuwa na njiwa. Rogers, katika miaka yake ya Chicago, alikuwa na vijana wa chuo kikuu waliokuja kwa miguu yao kutafuta wa kuzungumza naye. Kila mmoja alieleza vizuri alichokiona, kisha akavuka mto na kutangaza kwamba amemweleza binadamu.

Mwaka 1913 John B. Watson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alikuwa ametangaza vita dhidi ya habari zote za nafsi iliyojificha. Saikolojia ikitaka kuwa sayansi, alidai, ishughulike na kinachoonekana, yaani tabia. Miaka michache baadaye yeye na msaidizi wake Rosalie Rayner walimpata hospitalini mtoto mchanga ambaye maandiko yanamwita Albert. Alikuwa na miezi tisa walipompima mara ya kwanza. Walimwonyesha panya mweupe na hakuonyesha woga wowote. Alipofika miezi kumi na mmoja wakaanza kazi: mtoto akinyoosha mkono kumgusa panya, nyuma ya kichwa chake nyundo inagonga chuma. Mara saba zilitosha. Mara ya nane panya aliletwa bila kelele yoyote, na mtoto akaangua kilio na kutambaa kumkimbia. Siku zilizofuata hofu ilisambaa kwa sungura, kwa mbwa, kwa koti la manyoya, hata kwa kinyago cha Baba Krismasi chenye ndevu nyeupe.

Waliomtia hofu hawakumtoa hofu. Mtoto aliondolewa hospitalini kabla ya jambo hilo kufanyika, na wanahistoria bado wanabishana alikuwa mtoto wa nani. Leo hakuna kamati ya maadili ya utafiti ingeruhusu jaribio la namna hiyo. Watson naye alilazimishwa kuondoka chuoni mwaka 1920, si kwa sababu ya Albert, bali kwa sababu ya mapenzi yake na Rayner wakati akiwa na mke nyumbani. Alikimbilia kampuni kubwa ya matangazo ya biashara New York na huko akapanda cheo haraka. Anayejiuliza kwa nini tangazo la sabuni husema machache kuhusu sabuni na mengi kuhusu hofu ya mama kuonekana mzembe, amtazame mtu huyu. Hakuwa wa kwanza katika kazi hiyo, lakini aliifanya akiwa na maabara kichwani.

Sifa ambazo vitabu humpa Watson zingepaswa kumpitia kwanza mwanasaikolojia Mary Cover Jones. Mwaka 1924 alichapisha habari za Peter, mtoto wa miaka miwili na miezi kumi aliyeogopa sungura mweupe, manyoya, hata pamba. Jones hakumtafutia baba wala mama wa kulaumiwa. Alimkalisha mezani ale chakula anachokipenda huku sungura akiwa ndani ya kizimba mbali chumbani. Siku baada ya siku kizimba kikasogezwa, ila si kwa kasi ya kumkatisha mtoto hamu ya kula. Wakati mwingine waliletwa watoto wengine wasioogopa, wacheze na sungura huku Peter akitazama. Palikuwa na kurudi nyuma pia: katikati ya safari Peter aliugua akalazwa, kisha akatishwa na mbwa mkubwa, na hofu ikarudi upya ikabidi waanze tena. Mwishowe alimwacha sungura amtafune vidole taratibu. Karne imepita, na kwa mtu anayeogopa kitu mahususi, awe mbwa, lifti au sindano, njia ya kumsogeza kwenye kitu hicho hatua kwa hatua bado ndiyo tiba inayotegemewa kuliko nyingine. Wolpe aliiboresha baadaye akiwa Johannesburg. Mzizi wake ni meza ya Peter.

Basi wanatabia, hao wanaoshughulika na tabia tu, wameshinda? Kwa hofu ya sungura, ndiyo. Wameshinda pia mahali pengine ambapo B. F. Skinner, aliyefariki mwaka 1990, pengine hakupawazia. Skinner aligundua kwamba njiwa anayepewa punje kila baada ya idadi ileile ya madonoo hupumzika kidogo akishakula. Njiwa asiyejua ni donoo la ngapi litakalolipa hapumziki: anadonoa, anadonoa, na ukimkatia punje kabisa ataendelea kudonoa kwa muda mrefu kabla ya kukata tamaa. Kijana aliyejifunika shuka saa nane usiku, simu inamulika uso, mkeka wa tano wa kubeti umechanika na wa sita anautengeneza, anaelezwa na njiwa huyo vizuri kuliko na maelfu ya kurasa za Freud. Hatafuti kumshinda baba yake. Mfumo umepangwa ulipe bila ratiba, na ni mpango huo unaomshika.

Bado njiwa hana uwezo wa kulala macho wazi akijiambia kwamba yeye ni bure. Binadamu anao.

Hapo ndipo alipoingilia Aaron Beck wa Philadelphia, na namna alivyoingia inafaa kusimuliwa kwa sababu ni nadra mtaalamu kukubali kuumbuliwa na takwimu zake mwenyewe. Beck alikuwa amefunzwa katika njia ya Freud, na wafuasi wa njia hiyo waliamini kuwa sonona ni hasira iliyogeuzwa ndani, mtu anayeshindwa kumchukia mwingine anajichukia mwenyewe. Alitaka kulithibitisha hilo kisayansi, akazichunguza ndoto za wagonjwa wake akitarajia kukuta ghadhabu. Alichokuta ni watu waliopoteza, walioshindwa, waliokataliwa. Wakiwa macho, mawazo yao yalisema yaleyale: nimefeli, sitafika popote, hakuna anayenitaka. Mawazo hayo yalipita haraka kiasi kwamba mwenyewe hayaoni, kama daladala inayopita bila kusimama kituoni. Tiba aliyoijenga Beck ilikuwa kuyasimamisha, kuyaandika, kisha kuyahoji kama shahidi mahakamani. Kitabu chake kikubwa kuhusu tiba ya sonona kilitoka 1979. Yeye mwenyewe aliishi hadi 2021, akafariki akiwa na miaka 100.

Kwa msemaji wa Kiswahili ugunduzi huo una kitu cha kuchekesha kidogo. Lugha hii iliujua zamani. Ukisema fulani ana mawazo, humsifu kwa kufikiri, unasema anaumia. Wazo katika wingi wake tayari ni ugonjwa. Tofauti ni kwamba Mswahili mwenye mawazo mara nyingi ana sababu zake. Kodi ya chumba imeisha kweli. Ada ya mtoto haijalipwa kweli. Mtaalamu akimuuliza mtu huyo ana ushahidi gani kwamba mambo yatakuwa mabaya, anaweza kuonyeshwa barua ya mwenye nyumba. Mbinu ya Beck inang'ara pale wazo linapodanganya. Wazo likisema kweli, inahitajika mbinu nyingine, na itafika zamu yake.

Kabla ya hapo iko filamu moja ambayo kila anayetaka kulinganisha nadharia hizi angeitazama kwanza, ndipo afungue kitabu. Ilipigwa California mwaka 1964 na kutoka mwaka uliofuata. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mama aliyeachana na mumewe, anayejulikana humo kwa jina moja tu la Gloria, anazungumza na wataalamu watatu mmoja baada ya mwingine: Carl Rogers, Fritz Perls na Albert Ellis. Mwanamke ni yuleyule, siku ileile, shida ileile. Kwa Rogers anauliza swali la moja kwa moja: binti yake wa miaka tisa amemuuliza kuhusu mambo yake na wanaume, naye amemdanganya, je, amwambie ukweli?

Rogers hamjibu. Anamsikiliza, anamrudishia maneno yake yakiwa yamenyooka zaidi, anamwonyesha kwamba jibu analo ila anataka ruhusa. Anayetazama kwa mara ya kwanza anaweza kukereka. Mzee mzima amefuatwa kwa ushauri, anashindwaje kutoa ushauri? Perls ni kinyume chake kabisa: anamchokoza, anamwambia anaigiza, anamtaka aone mkono wake unafanya nini na tabasamu lake linaficha nini, mpaka mwanamke anakasirika waziwazi. Ellis ni mjomba aliyefika na majibu mfukoni. Anazungumza kuliko mgonjwa wake, anapanga hoja kwa haraka, anabomoa imani potofu moja na kuingia nyingine.

Alipoulizwa mwishoni, Gloria alisema Perls ndiye angemfaa zaidi kwa wakati ule. Lakini katika miaka iliyofuata, mtu aliyebaki akiandikiana naye barua ni Rogers, yule asiyejibu. Ukweli huo mdogo una uzito kuliko mijadala mingi. Tangu mwaka 1936 Saul Rosenzweig, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa ameandika kwamba tiba zinazogombana hutoa matokeo yanayokaribiana, kwa sababu yapo mambo ambayo zote zinashiriki bila kuyataja kwenye mabango yao, mojawapo likiwa mtu mwenyewe anayetibu. Tafiti nyingi zimemrudia tangu hapo. Wapo wanaompinga, na kwa hofu ya sungura wana haki. Kwa huzuni za maisha ya kawaida, ushahidi uko upande wake zaidi.

Safu ya ubongo katika lile jedwali inastahili heshima na wasiwasi kwa pamoja. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wa akili dawa ya klopromazini, na watu waliokuwa wakifungwa kamba wakaanza kuzungumza. Hakuna mazungumzo ya kochi yaliyowahi kufanya hivyo. Miaka mitatu tu nyuma, 1949, Tuzo ya Nobeli ilikuwa imetolewa kwa Egas Moniz wa Ureno kwa upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, upasuaji ulioacha maelfu ya watu wakiwa wapole na watupu. Macho yaleyale ya kibiolojia yaliona dawa na yakaona kisu.

Na upasuaji huo una tawi lililofika Nairobi. Kuanzia 1938 hadi 1950 hospitali ya Mathari ilisimamiwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye alipoanza hakuwa na mafunzo maalumu ya tiba ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha andiko lake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kuwa Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa ile sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimtaka aandike ripoti ya kisaikolojia kuhusu Mau Mau, naye akaandika kurasa ambamo watu waliodai ardhi yao walieleweka kuwa watu waliovurugikiwa nafsi. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimshukia katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka 1961.

Kumwita Carothers mbaguzi ni kweli, ila hakutoshi kueleza kosa lake. Turudi kwenye swali la nani alikuwa amekaa mbele yake. Walikuwa wagonjwa waliofungiwa Mathari, wengi wao wakiwa wameondolewa makwao na kuwekwa mikononi mwa polisi na mahakama kabla ya kufikishwa kwa daktari. Aliwaona hao, akaliandikia bara zima. Freud aliivuta Vienna ikawa dunia, na Skinner akamvuta njiwa akawa mtu. Carothers alifanya kilekile akiwa na dola nyuma yake.

Umbali wa siku moja ya safari kutoka Mathari, katika miaka hiyohiyo, mwanamke mmoja alikuwa akifanya kazi kwa namna tofauti kabisa. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia wa Kanada, aliwasili Kampala mwaka 1954 kwa sababu mumewe alipata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Yeye hakuwa na kazi. Akajitafutia: akapata fedha kidogo za utafiti, mkalimani wa Kiganda na gari, akaanza kuzitembelea familia za vijiji vya karibu na jiji. Akina mama 26, watoto wachanga 28. Kila baada ya wiki mbili hivi aliketi sebuleni mwao kwa saa mbili, kwa miezi kadhaa, akitazama. Kwa kuwa Waganda hawaachi mgeni akae kama mgeni wa kupita, alipata alichokuwa akikitafuta: nyumba ikiendelea na maisha yake.

Alikuja na nadharia mkobani. Huko London alikuwa amefanya kazi na John Bowlby, aliyeanza kudai kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kushikamana na mlezi kama vifaranga wanavyomfuata mama yao. Ainsworth hakukubaliana naye. Kama wengi wa zama zile, wafuasi wa Freud na wanatabia kwa mara hii moja wakiwa upande mmoja, aliamini mtoto humpenda mama kwa sababu mama ni ziwa. Vijiji vya Buganda vilimgeuza. Aliwaona watoto wakitambaa kwenda kuchunguza mlango, kigoda, kuku wa uani, kisha wakigeuka kumtafuta mama kwa macho, wakirudi kumgusa na kuondoka tena. Aliwaona wakishikamana pia na watu ambao hawakuwahi kuwanyonyesha. Aliwagawa: 16 walikuwa na utulivu na mama zao, 7 walilialia hata wakiwa mikononi, 5 hawakuwa wameonyesha mshikamano bado. Na akagundua kwamba mama aliyejua kumsimulia mtoto wake kwa undani, anachopenda, anapochekea, anavyoamka, ndiye mara nyingi aliyekuwa na mtoto mtulivu.

Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967. Hata hivyo, dunia haimkumbuki kwa hicho. Inamkumbuka kwa jaribio la dakika ishirini alilolibuni baadaye Baltimore, mji uleule wa Albert: mama na mtoto wanaingia chumba kigeni, mgeni anaingia, mama anatoka, mama anarudi, na mtafiti anatazama mtoto anampokeaje. Kilichosahaulika ni sababu ya kulibuni. Nyumbani Uganda, mama akinyanyuka tu kwenda nje, mtoto alilia na kumfuata. Nyumbani Marekani watoto walikuwa wamezoea mama kuingia na kutoka vyumbani, wala hawakushtuka. Ilibidi watengenezewe chumba kigeni ili kile alichokiona waziwazi Buganda kionekane kwao. Jaribio maarufu kuliko yote katika saikolojia ya watoto lilizaliwa kama fidia ya mtafiti kutokuwa tena Uganda.

Kisha, kama kawaida, kipimo kikavuka mipaka bila mkalimani. Kilipopelekwa Bielefeld, kaskazini mwa Ujerumani, karibu nusu ya watoto walionekana kumkwepa mama. Kilipopelekwa Sapporo, Japani, hakukuwa na wakwepaji, ila waliolia wasibembelezeke walikuwa wengi kuliko kawaida. Je, Wajerumani hawapendwi na Wajapani wanadekezwa? Au wale walifundishwa mapema kujitegemea, na hawa hawakuwahi kabisa kuachwa peke yao? Mwaka 1986 watafiti Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walichapisha kazi yao ya Kisii, Kenya. Huko mtoto hulelewa na mama pamoja na mlezi mwingine, aghalabu dada mkubwa, kwa hiyo wakawapima na wote wawili. Nao waligundua kitu ambacho karatasi ya Baltimore isingekitambua: mtoto wa Kigusii mwenye amani na mlezi wake hakukimbia kukumbatiwa aliporudi. Alinyoosha mkono. Alikuwa amezoeshwa na watu wazima wa kwao kwamba aliyefika husalimiwa kwa kupeana mikono.

Ile mbinu iliyoahidiwa hapo juu, ya wazo linalosema kweli, imekaa kwenye benchi la mbao. Daktari wa akili Dixon Chibanda wa Zimbabwe alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua baada ya familia kukosa nauli ya kumfikisha Harare. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini humo, alipewa bibi 14 wa kujitolea wa zahanati, bila chumba wala fedha. Alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Bibi wakamwambia hakuna atakayekaa hapo. Likaitwa benchi la urafiki. Mgonjwa anaulizwa shida zake zote, anasaidiwa kuchagua moja, wanapanga pamoja atakachofanya wiki hiyo, anarudi kutoa taarifa. Wanachokishughulikia kina jina la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mswahili hahitaji kamusi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, likihusisha watu 573 katika zahanati 24, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 13.7 ya waliokaa kwenye benchi, dhidi ya asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mabenchi hayo yamefika hata Zanzibar.

Mkaguzi wa majedwali angehangaika kuliweka benchi hilo kwenye safu. Kazi za wiki ni za wanatabia. Kupanga tatizo lifikirike ni kwa jamaa za Beck. Kusikiliza bila kuhukumu ni kwa Rogers, ingawa bibi wa Mbare hakumsubiri Rogers amfundishe kusikiliza. Na mgonjwa akizidiwa anapelekwa kwa daktari mwenye dawa. Freud peke yake ndiye anayekosa nafasi dhahiri, isipokuwa mtu akumbuke kwamba ni yeye aliyewazoeza madaktari wa Ulaya kukaa kimya na kumwacha mgonjwa aseme.

Mwaka 1922 kijana wa miaka 19 alifika kwa Freud na kujitambulisha kuwa yeye ndiye Hans Mdogo. Jina lake halisi lilikuwa Herbert Graf, na baadaye angekuwa mwongozaji wa opera katika jumba la Metropolitan, New York. Alikuwa na afya, hofu hakuwa nayo. Alimweleza daktari kwamba kisa alikisoma, lakini hakujiona humo. Farasi hakuwakumbuka, mazungumzo na baba hakuyakumbuka, habari yote ilikuwa kama ya mtoto wa jirani. Ni alipofika kwenye maelezo ya safari ya Gmunden, mji wa ziwani ambako familia ilikwenda kupumzika wakati wa kiangazi, ndipo kitu kilipomgusa kwa mbali, akahisi huenda ni yeye kweli. Huko Gmunden, kwa mujibu wa madaftari ya baba yake, alikuwa akicheza na watoto wenzake mchezo wa farasi.